Vipembe vyeupe ndani ya jiwe jeusi la Moroko: huyu ni ngisi kweli?

FundiMarumaru ameandika:

Salaam wanajukwaa. Mimi ni mtu wa Tanga, nipo Sharjah, kazi yangu kukata na kung'arisha mawe ya kaunta. Granaiti, marumaru, yote yanapita mikononi mwangu. Sasa bosi kaleta mabamba meusi kutoka Moroko, yanachimbwa jangwani huko upande wa Erfoud. Kuna mteja anataka kaunta ya jikoni na meza ya barazani.

Ndani ya jiwe mmejaa vipembe vyeupe vilivyonyooka, vipana upande mmoja na vimechongoka upande wa pili. Vingine ni vya kidole tu, vingine vinaanzia kwenye kiwiko changu mpaka ncha ya vidole. Humohumo kuna vichache vilivyojiviringa. Muuzaji anasema ni "ngisi wa miaka milioni 400". Mimi ngisi nimemla tangu mtoto pale soko la Deep Sea, sijawahi kumwona na pembe.

Niwaambie nilichoona mwenyewe kwenye mashine, maana picha zinakataa kupanda. Kila kipembe kimegawanywa vyumba vyumba na viwambo vyembamba vilivyobonyea, na vyote vimebonyea kwa kuelekea upande mpana. Ukifika kwenye ule upande mpana viwambo vinakwisha, panabaki nafasi tupu ndefu. Halafu kuna mstari mwembamba unaotoka mwanzo hadi mwisho katikati ya kipembe, unatoboa kila kiwambo. Kingine, vipembe vingi vimelala mwelekeo mmoja, ila ncha hazikubaliani: wengine huku, wengine kule.

Kubwa lililonitia udadisi ni hili. Nilipotoboa tundu la sinki nikatazama unene wa jiwe, pale msumeno ulipokata kipembe kikatoka duara. Nusu ya duara ni nyeusi, nusu nyeupe. Nikatazama duara jingine, vilevile. Na nyeusi iko upande uleule katika kila duara, na mpaka kati yake na nyeupe umenyooka kabisa.

Na jiwe linanuka! Msumeno ukipita, hata maji yakimwagika tele, inatoka harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na yai viza. Vijana wa karakana wanakimbia.

Nauliza: huyu ni mnyama gani? Aliishije na mzigo huu mgongoni? Na huo mstari wa katikati ni utumbo au uti wa mgongo?

Dalali_Kkoo ameandika:

Kaka, kuwa macho. Vitu vya Moroko vingi vimeungwa. Wanachukua kipande halisi, wanakibandika kwenye jiwe jingine kwa gundi na unga wa jiwe jeusi, wanachonga kinainuka vizuri, mtalii analipa. Nimeshauza vinyago na mawe miaka mingi, najua michezo hiyo. Milioni 400 nani alikuwepo kuhesabu?

Bi_Miamba ameandika:

Fundi, wewe umeona zaidi ya walioona wanafunzi wangu wengi. Nimestaafu kazi ya miamba Dodoma, kwa hiyo nafasi ninayo, nitaandika kirefu.

Dalali hajakosea kuhusu biashara. Vile vinavyouzwa vimeinuka juu ya kibao, vimepangwa kama maua, mara nyingi vimeungwa au vimesaidiwa na tindo. Lakini bamba zima la kaunta ni habari nyingine. Vipembe vyako vinapita ndani ya unene wa jiwe, na msumeno unavikata kila pembe: kimoja kirefu, kingine yai, kingine duara. Hakuna mtu wa kutia gundi namna hiyo ndani ya tani za mwamba.

Muuzaji naye kasema karibu kweli. Huyu ni ndugu wa ukoo wa ngisi, dome na pweza, kundi tunaloliita sefalopodi. Madukani wanamwita Orthoceras, jina ambalo wataalamu siku hizi wanalibakiza kwa spishi wa eneo la Baltiki. Mawe meusi ya Erfoud mengi ni ya vipindi vya Siluri na Devoni, tuseme kati ya miaka milioni 425 na 370 iliyopita. Ukiona na vilivyojiviringa ndani ya bamba hilohilo, kwa kawaida ni la Devoni. Na miaka, Dalali, haihesabiwi kwa kuwepo. Inapimwa kwa madini ya majivu ya volkano yaliyolala kati ya matabaka, ambamo urani inageuka kuwa madini ya risasi kwa mwendo usiobadilika.

Sasa duara zako za nusu kwa nusu. Hiyo ni pimamaji, fundi, pimamaji iliyogandishwa. Mnyama alikufa, kombe likalala sakafuni kwa bahari. Tope likaingia penye ufa, likatulia chini ndani ya chumba, likaacha nafasi juu. Baadaye sana maji yaliyojaa chokaa yakapita humo yakaotesha fuwele nyeupe katika ile nafasi. Upande mweusi ndio uliokuwa chini siku ile, na mstari unaotenganisha ulikuwa mlalo sawasawa na upeo wa bahari. Sisi tunautumia kujua kama mwamba umepinduka. Ukipata bamba ambalo nyeusi iko juu, basi ama milima imeligeuza ama vijana wako wamelishusha kichwa chini.

Kulala mwelekeo mmoja ni kazi ya mkondo wa maji. Na harufu ni ya kweli: bahari ile sakafuni ilikuwa haina oksijeni ya kutosha, mizoga na mwani havikuoza vikaisha, vikazikwa ndani ya tope. Barafu kubwa iliyofunika eneo la Sahara ya leo mwishoni mwa kipindi cha Ordovisi, miaka milioni 444 hivi iliyopita, iliyeyuka na bahari ikapanda juu ya Afrika Kaskazini. Tope jeusi la wakati ule ndilo lililopika sehemu kubwa ya mafuta ya Algeria na Libya. Ndiyo maana karakana yako inanuka kituo cha mafuta.

Nakuja kwenye mstari wa katikati, maana hapo ndipo hadithi yote ilipo. Si utumbo wala uti wa mgongo. Ni mrija. Mnyama mwenyewe alikaa kwenye ile nafasi ndefu isiyo na viwambo, kichwa na mikono nje. Kadiri alivyokua alisogea mbele, akajenga kiwambo nyuma yake, akaacha chumba. Lakini hakukiacha kabisa. Ukanda mwembamba wa nyama yenye damu ulirudi nyuma kupitia kila kiwambo mpaka kwenye ncha kabisa, chumba cha utotoni. Kwa mrija huo alinyonya maji kutoka vyumbani, hewa ikaingia, akawa mwepesi akainuka kutoka sakafuni.

Ukitaka kujua sefalopodi walianzia wapi, usitafute mikono wala macho kwenye mwamba, tafuta mrija. Kuna moluska, yaani jamii ya konokono, chaza na ngisi, wa mwisho wa kipindi cha Kambri, kabla ya Ordovisi, aliyepatikana Antaktika, anaitwa Knightoconus. Kombe lake ni refu lenye viwambo kadhaa nchani, ukitazama haraka utasema ni huyuhuyu. Viwambo vyake havina tundu. Yochelson, Flower na Webers walimwandika mwaka 1973 wakipendekeza kwamba viumbe wa aina hiyo ndio chimbuko la sefalopodi. Mantiki yake ni nzuri: kwanza vyumba vilivyofungwa, kisha mrija. Lakini chumba kisicho na mlango hukiwezi, kama kina maji kinabaki na maji.

Mwenye mrija wa kwanza anayekubaliwa na karibu kila mtu ni Plectronoceras, kutoka miamba ya chokaa ya China kaskazini, kiasi cha miaka milioni 490 iliyopita. Usifikirie dude. Alikuwa wa sentimita moja au mbili tu, kombe limepinda kidogo, viwambo vimesongamana, na mrija uko pembeni, upande wa tumbo. Alikuwa wa bahari ya kina kifupi, anatembea au anarukaruka karibu na sakafu, si muogeleaji. Hewa aliyokuwa nayo ilimpunguzia uzito tu. Kwa muda mfupi wa kijiolojia ukoo ule ulichanua pale China, spishi zaidi ya mia zimeandikwa, kisha Kambri ilipofunga pazia karibu wote wakafutika. Wachache walivuka, kundi la Ellesmerocerida, na kutoka kwao wakatoka majitu ya Ordovisi.

Majitu hayo nitayaacha kwa leo, mgongo unauma. Ulizeni.

Nahodha_Mafia ameandika:

Bi Miamba, shikamoo. Mimi ni mtu wa ndoano na dema, shule sikumaliza, lakini hapa naona jambo langu.

Dome tukimpasua tunatoa ule mfupa mweupe mgongoni, mwepesi, unaelea. Pwani unaokotwa mwingi, watu wa mjini wanawapa kasuku. Ukiuvunja ukautazama juani, ndani ni sakafu juu ya sakafu, nyembamba kuliko karatasi, na vinguzo vidogo katikati. Hivyo ndivyo vyumba unavyosema?

La pili. Mara mojamoja bahari inatupa kombe la mviringo, jeupe lenye mistari ya kahawia, ndani linang'aa. Likikatwa lina vyumba na kitundu katikati ya kila ukuta. Babu zetu waliliokota, sisi tunaliokota, lakini hakuna nahodha ninayemjua aliyemvua mwenyewe akiwa hai. Anaishi wapi huyu?

La tatu ndilo linanisumbua. Hewa si inapanda juu? Kama mkia wote umejaa hewa na kichwa kina nyama, huyu mnyama wa fundi alikuwa amesimama kichwa chini mkia juu. Boya likifungwa upande mmoja, ndivyo linavyokaa. Sasa aliogeleaje?

Bi_Miamba ameandika:

Marahaba nahodha. Swali lako la tatu limewapa watu kazi miaka mingi vyuoni, na jibu lako ni sahihi: kama hakuna kingine, anasimama wima kichwa chini.

Nianze na la kwanza. Naam, mfupa wa dome ni kombe lilelile lililoingizwa ndani ya mwili, vyumba vikabanwa kama ulivyoona. Na dome bado anautumia. Wanasayansi wawili wa Plymouth, Denton na Gilpin-Brown, walionyesha miaka ya 1960 kwamba mchana, akiwa amejifukia mchangani, anaruhusu maji kuingia mfupani anakuwa mzito. Usiku anayatoa, anakuwa mwepesi, anakwenda kuwinda.

Kombe la mistari ni la nautilasi, wa mwisho katika ukoo wenye kombe la nje lenye vyumba. Yeye anaishi mashariki ya mbali: Ufilipino, Palau, Papua Guinea Mpya, Fiji, Australia, kwenye miteremko ya miamba ya matumbawe. Akifa, vyumba vina hewa, kombe linaelea na mikondo inalileta mpaka kwetu. Kwa hiyo hukumvua kwa sababu hakuja hai.

Kwake yeye ndipo tulipojifunzia jinsi mrija unavyofanya kazi, na si vile watu wanavyodhani. Mnyama hapulizi hewa kusukuma maji. Nyama ya mrija inahamisha chumvi kutoka kwenye maji ya chumbani, maji yanaifuata chumvi kuingia kwenye damu, na hewa inajipenyeza polepole kujaza nafasi. Hewa hiyo shinikizo lake ni chini kidogo ya hili tunalovuta mimi na wewe, hata kama mnyama yuko mita 300 chini ambako bahari inamkandamiza mara thelathini. Kinachomlinda ni ukuta wa kombe na viwambo peke yake. Nautilasi akishuka mpaka mita 800 hivi, kombe linapasuka kwa ndani. Mnyama wa fundi naye alikuwa na kikomo chake cha namna hiyo, hakuweza kuzama apendavyo. Na utaratibu wenyewe ni wa polepole mno. Hakuweza kuutumia kupanda na kushuka kumfukuza mtu. Ulimfaa kusawazisha uzito kadiri kombe lilivyokua.

Sasa kichwa chini. Fundi, washa taa uangalie vipembe vikubwa kwenye ncha, upande uliochongoka. Katika baadhi yao vyumba vya nyuma vina utando mnene wa chokaa ukutani, tofauti na fuwele nyeupe za baadaye: una tabaka tabaka, na unakuwa mnene zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Huo aliujenga mwenyewe akiwa hai. Ni farumi, nahodha, mzigo wa kukituliza chombo. Aliweka uzito mkiani na upande wa tumbo ili alale mlalo, macho yatazame mbele.

Majitu ya Ordovisi yalipata njia yao. Endoceras na wenzake walikuwa na mrija mpana ajabu, upande wa tumbo, na ndani ya mrija wakajaza koni za chokaa moja ndani ya nyingine kuanzia nyuma. Hapo ndipo walipoweza kuwa wakubwa. Kuna kipande cha Endoceras kiko makumbusho ya Harvard chenye mita tatu, na hicho hakijakamilika. Mtandaoni mtaona picha za mita tisa. Kwa hizo hakuna ushahidi wa kushika mkononi. Mita kadhaa zinatosha kabisa kwa zama ambazo samaki walikuwa wadogo na hawana taya. Hakuna aliyekuwa mkubwa kuwazidi katika bahari ile.

Lakini si wote waliotia farumi. Wengi walikuwa na mkia mtupu, na hao walikaa vilevile ulivyosema. Zamani tulidhani ni kasoro. Mwaka 2021 Peterman na Ritterbush wa Utah walitengeneza maumbo ya plastiki yenye uzito uliopangwa sawasawa na mnyama, wakayaachia majini. Yakiwa wima yanakataa katakata kulazwa, ila yakisukumwa kwenda juu yanachomoka kwa kasi. Mnyama alielea wima, anashuka taratibu na mikono chini akitafuta vidogo vya kula, na adui akija anajifyatua kuelekea juu. Mimi napenda jibu hilo. Linatuondolea tabia ya kumchora kila mmoja wao kama meli ya kivita.

Mwanafunzi_Jiolojia ameandika:

Shikamoo mama. Umesema mwenye mrija wa kwanza ni wa China, milioni 490. Mbona kuna visukuku vya Newfoundland, Kanada, vya milioni 522? Na yule Nectocaris wa Burgess Shale, miamba ya Kambri ya Kanada, je? Tulifundishwa ni sefalopodi wa kale asiye na kombe, ana mikono miwili na mdomo wa kurushia maji.

Bi_Miamba ameandika:

Marahaba mwanangu. Nilisema "anayekubaliwa na karibu kila mtu", na Newfoundland ndiyo hao wasiokubaliana.

Vile vya Kanada vilitangazwa mwaka 2021 na watu wa Heidelberg, kutoka rasi ya Avalon. Ni vipande vidogo vilivyoonekana kwenye mwamba uliokatwa, vina vitu vinavyofanana na viwambo. Ikiwa ni kweli, ukoo unarudi nyuma miaka milioni 30 zaidi. Wanaopinga wanauliza kile ninachouliza mimi kila mara: mrija uko wapi, nionyeshe unavyopita kiwambo hadi kiwambo. Kwa vipande vile unahitaji imani kidogo. Na hilo pengo la miaka milioni 30 bila mwenzake hata mmoja katikati, wakati makombe ya moluska wa Kambri yamejaa kote, mimi halinikai rohoni.

Nectocaris alitangazwa kuwa sefalopodi mwaka 2010, na Smith na Caron. Tangu siku ya kwanza watu waligoma, kwa sababu ukikubali, lazima useme kombe lilikuja baadaye, wakati ushahidi mwingine wote unasema ukoo ulianza na kombe, na waliolipoteza walilipoteza baadaye sana. Mwaka 2025 ndugu zake kutoka Greenland kaskazini walipochunguzwa, ikaonekana mishipa ya fahamu iliyokusanyika tumboni namna ya wale minyoo-mishale wawindaji wa baharini. Waambie wanaokufundisha wabadilishe slaidi.

Dalali_Kkoo ameandika:

Nimefuatilia mpaka hapa, nakubali. Na vile vilivyojiviringa? Aliyenyooka na aliyejikunja si wanyama wawili tofauti?

Bi_Miamba ameandika:

Dalali, umeuliza kitu ambacho Moroko inakijibu kuliko karibu nchi nyingine yoyote.

Mwanzoni mwa Devoni, katika mabonde yaleyale ya kusini mwa Moroko na pia Ujerumani, unaweza kupanda mlima tabaka kwa tabaka ukawaona. Chini kabisa wako Bactrites, wamenyooka, mrija wao umesogea ukingoni. Juu yao wanaanza kupinda. Kisha Anetoceras, aliyejikunja bila mizunguko kugusana, unaweza kupitisha waya katikati. Kisha mizunguko inagusana, kisha wa nje unameza wa ndani, na viwambo vinaanza kujikunja ukingoni vinapoungana na ukuta. Hao ndio amoniti wa kwanza, na wale walio katika meza ya fundi ni wajukuu wao, goniatiti. Ajabu, hata chumba cha kwanza cha utotoni kilifuata njia hiyohiyo: kwa wa zamani zaidi kimenyooka, kwa waliofuata kimejikunja.

Kwa nini wajikunje? Wakati huohuo samaki wenye taya walikuwa wanaongezeka na kuwa wakubwa. Kombe lililonyooka la mita moja halina kona. Ukilikunja, kitovu cha uzito na cha kuelea vinakaribiana, mnyama anageuka upesi, na kombe ni gumu kulivunja kuliko fimbo ndefu. Walionyooka hawakufa siku hiyo, waliendelea mpaka kipindi cha Triasi, zama za baadaye sana. Lakini bahari haikuwa yao tena.

Na kutoka kwa Bactrites haohao, tawi jingine liliingiza kombe ndani ya nyama. Huko ndiko walikotokea ngisi, dome na pweza. Pweza kalitupa karibu lote.

Kijana_Changamwe ameandika:

Samahani kuingilia. Kwetu Pwani hakuna hivyo? Tukichimba misingi huku Changamwe tunakutana na udongo wa kijivu unaovunjika mabamba mabamba, na mawe ya duara magumu ndani yake.

Bi_Miamba ameandika:

Vilivyonyooka vya Moroko hutavipata. Wakati ule bahari haikuwa hapa, Pwani yetu ilikuwa ndani kabisa ya bara kuu la kale la Gondwana. Bahari ilikuja katika kipindi cha Jura, baada ya Triasi, bara lilipoanza kupasuka na Madagaska kuondoka, kwa hiyo kwetu utakuta zaidi vile vilivyojiviringa.

Na huko ulipo ndipo hasa. Hilo tabaka la kijivu ni la Jura ya baadaye. Mjerumani Hildebrandt alikusanya amoniti Mombasa miaka ya 1870, Beyrich akawaandika Berlin, na Spath akaandika juu ya amoniti wa Jura wa Afrika Mashariki mwaka 1920. Upande wa Tanzania wapo nyuma ya Kilwa na Lindi. Hata Tendaguru, ambako kila mtu anazungumzia dinosaria waliochukuliwa Berlin kati ya 1909 na 1913, matabaka ya mifupa yamepishana na matabaka ya bahari yenye amoniti na belemniti, ndugu wa ngisi wenye kombe ndani ya mwili.

Hayo mawe ya duara usiyapige nyundo ovyo. Mara nyingi yameganda kuzunguka kitu. Lipige ubavuni, kwa kulifuata tabaka, litafunguka lenyewe. Ukikuta kitu, kiache na sehemu ya mwamba wake, andika ulikokitoa na kina chake, upige simu Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kisukuku kisicho na anwani ni urembo tu. Na usichimbe chini ya ukuta wa udongo ule wakati wa mvua, unaporomoka.

FundiMarumaru ameandika:

Mama, Mungu akuzidishie. Jana usiku nilibaki karakana na tochi. Farumi nimeiona! Kipembe kimoja kirefu, nchani utando wa kijivu umepanda ukutani upande mmoja tu, tabaka tabaka, na fuwele nyeupe zimejaza palipobaki. Mrija unapita katikati yake. Nimempigia bosi, hakuelewa kitu.

Swali la kazi sasa. Mteja anataka vipembe vionekane virefu, si duara. Nikate vipi bamba linalofuata? Limekuja pande, halijapasuliwa.

Bi_Miamba ameandika:

Tafuta kwanza pimamaji zako kwenye ubavu wa pande. Mstari kati ya nyeusi na nyeupe ndio mlalo wa sakafu ya bahari. Kata sambamba nao, vipembe vitatoka virefu kwa sababu vililala. Ukikata kwa kuusimamia utapata duara na mayai. Na pasua juu kidogo ya katikati ya unene wa vipembe, si chini, huko chini kuna tope jeusi juu ya jeusi hutaona kitu.

Ila kaunta ya jikoni, fundi, wewe unajua.

FundiMarumaru ameandika:

Najua. Ni chokaa hiyo, ndimu na siki zitakula polishi ndani ya wiki. Nilimwambia mteja tangu mwanzo, akasema anapenda rangi. Nimemwonyesha kipande nilichodondoshea siki usiku kucha, pamebaki doa limefubaa ambalo kitambaa hakiliondoi. Kakubali jikoni tuweke granaiti, na hili lote liende meza ya barazani. Jumatatu napasua.